Nyumba ya Kasisi wa Haworth na Walioibadilisha

Novemba 1861, mwandishi wa gazeti kutoka Boston aitwaye Charles Hale alifika Haworth, kijiji cha wafumaji wa sufu katika vilima vya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, akaikuta nyumba ya kasisi imejaa mafundi. Kasisi mzee, Patrick Brontë, alikuwa amefariki tarehe 7 Juni mwaka huohuo. Mrithi wake, John Wade, hakutaka kuishi humo kabla nyumba haijakarabatiwa, na miongoni mwa kazi za mwanzo ilikuwa kuyang'oa madirisha ya vioo vidogovidogo na kutia vioo vipana, kama walivyopenda wenye uwezo wa wakati ule. Hale hakuiacha nafasi ile impite. Alinunua nusu ya chini ya dirisha la chumba cha Charlotte Brontë, mbao na vioo vyake, akasafiri nayo hadi Marekani. Huko aliigeuza fremu za picha, ili kila atazamapo picha zake za Haworth azione kupitia kioo kilekile alichokuwa akichungulia Charlotte.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kila kinaposimuliwa Wade ndiye hutwishwa lawama. Yeye ndiye aliyeivua nyumba macho yake. Yeye ndiye aliyeibandika ubavuni jengo lisilofanana nayo. Yeye ndiye aliyebomoa kanisa alimohubiri Patrick kwa miaka 41. Mengi ya hayo ni kweli. Lakini nyumba ile ilikuwa imeshabadilishwa kabla Wade hajaikanyaga, na aliyeanza kusogeza kuta zake si mwingine bali Charlotte mwenyewe, binti wa Patrick na mwandishi wa Jane Eyre. Anayetaka kuielewa nyumba ya Haworth hana budi kuufuata mkono wa kila aliyeigusa, na kuuliza kila mmoja alikuwa na haja gani.

Kwa muda mrefu kasisi wa Haworth hakuwa na nyumba hii. William Grimshaw, mhubiri mkali na rafiki wa John Wesley, aliyefariki 1763, aliishi Sowdens, nyumba ya shambani nje kidogo ya kijiji. Hii ya sasa ilijengwa kati ya 1778 na 1779, juu kabisa ya kijiji, pale barabara kuu inapoishia na nyika inapoanza. Ilielekezwa mashariki, uso wake ukitazamana na kanisa, na makaburi yakiizunguka pande mbili. Mgongo wake uliachiwa nyika na upepo.

Ni nyumba ya mtindo wa enzi za wafalme walioitwa George: ghorofa mbili, mlango katikati, na kila kitu cha kushoto kina mwenzake kulia. Madirisha ya mbele ni tisa, mawili kila upande wa mlango na matano juu. Ni madirisha ya kupandisha na kushusha, si ya kufungua kwa bawaba. Juu ya mlango kuna pembetatu ya jiwe iliyobebwa na nguzo mbili bapa zilizochongwa ukutani. Hilo ndilo pambo pekee la maana ambalo mwashi alijiruhusu. Kuta ni za jiwe la mchanga la milima ile, jiwe gumu lenye chembe kubwa ambalo tangu zamani lilichongwa kuwa mawe ya kusagia nafaka. Hata paa halikuezekwa kwa vigae vya udongo bali kwa mabapa ya mawe. Paa la namna hiyo ni zito mno, na uzito huo ndio unaolifaa mahali ambapo upepo hauchoki.

Jambo moja lazima lishikwe mapema, maana bila hilo historia yote inapinda. Nyumba ile haikuwa ya kasisi aliyeishi ndani yake. Ilikuwa ya kazi. Msomaji aliyekulia katika nyumba za kota, za reli, za shule au za hospitali, ataielewa hali hiyo bila kuelezwa sana: mzazi akistaafu au akifariki, familia hufungasha. Haworth mambo yalikuwa makali zaidi, kwa sababu kijiji kilikuwa na baraza la wadhamini walioshikilia mali za kanisa na kudai haki ya kumkubali au kumkataa kasisi aliyeletwa kutoka Bradford. Mwaka 1819 aliletwa Samuel Redhead bila ridhaa yao. Waumini waliivuruga ibada yake kwa vishindo vya viatu vya mbao, wakatoka kanisani kwa makundi, na baada ya majuma machache Redhead akasalimu amri. Ndipo akakubaliwa Patrick Brontë, Mwayalandi, mtoto wa wakulima maskini aliyejisomesha hadi Cambridge.

Alihamia Aprili 1820 pamoja na mkewe Maria, wana sita na mizigo yao juu ya mikokoteni. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka sita. Mdogo, Anne, miezi mitatu. Septemba 1821 Maria akafariki humo ndani. Mwaka 1825 mabinti wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, walirudishwa kutoka shule ya bweni wakiwa wagonjwa wa kifua kikuu, wakafariki kwa kufuatana. Waliobaki ni Charlotte, Branwell, Emily na Anne, wakilelewa na baba na shangazi yao, dada wa marehemu mama.

Ndani, nyumba ilikuwa ndogo kuliko uso wake unavyodai. Mlango mkuu ulifunguka kwenye ukumbi wa sakafu ya mawe. Kulia palikuwa na chumba cha kazi cha Patrick, ambamo alisoma, akapokea waumini na mara nyingi akala peke yake. Kushoto palikuwa na chumba cha kulia chakula, ambacho ndicho kilichokuwa sebule ya watoto. Nyuma ya chumba cha kazi palikuwa na jiko. Nyuma ya chumba cha kulia palikuwa na ghala la mboji, ile iliyokatwa nyikani na kukaushwa kwa kuni. Ghala hilo halikuwa na mlango wa ndani. Vyumba vya kulala vilikuwa juu. Katikati ya vyumba vya mbele vya juu, juu ya ukumbi, palikuwa na kichumba kisicho na meko ya kuotea moto. Watumishi walikiita chumba cha masomo cha watoto.

Kichumba hicho kilizaa mambo makubwa. Juni 1826 Patrick alirudi kutoka Leeds na askari wa mbao 12 kwa ajili ya Branwell. Kila mtoto akajichagulia askari wake, akampa jina, na kutokana na askari hao wakabuni nchi nzima yenye miji, magazeti, vita na ndoa. Historia ya nchi hiyo waliiandika katika vijitabu vidogo kuliko kiganja cha mtoto, kwa mwandiko mdogo hata mtu mzima huhitaji lenzi kuusoma. Nchi yenyewe waliiweka Afrika Magharibi, pwani ya Ashanti, kwa sababu ya yale waliyosoma katika majarida na vitabu vya jiografia vya baba yao. Kwamba Afrika yao haikuwa na uhusiano mkubwa na Afrika yenyewe ni jambo la kuzungumzwa kwa kirefu mahali pengine. Hapa itoshe kusema kwamba kichumba hicho bila moto, juu ya ukumbi wa mawe, kilistahili kuhifadhiwa kuliko vyote. Tutaona kilivyofanywa.

Patrick aliogopa moto. Rafiki wa Charlotte, Ellen Nussey, aliyefika kwa mara ya kwanza mwaka 1833, aliikumbuka nyumba isiyo na mapazia hata moja. Zulia lilikuwa dogo, na si katika kila chumba. Sakafu ya ukumbi na ngazi zilikuwa mawe matupu, safi daima. Kuta hazikubandikwa karatasi za mapambo bali zilipakwa rangi ya kijivu laini, kama manyoya ya njiwa. Watu wengine wameieleza hofu hiyo kama ukaidi wa mzee mmoja. Si haki. Mwaka 1844 Patrick aliandika gazetini kwamba katika miaka yake ya Haworth alikuwa amezika watoto kati ya 90 na 100 waliokufa baada ya nguo zao kushika moto, akawasihi wazazi wawavishe watoto sufu au hariri badala ya pamba na kitani. Mtu aliyesimama mara nyingi hivyo kando ya makaburi ya watoto, kisha akarudi nyumbani kwenye mishumaa na meko ya wazi, ana haki ya kukataa mapazia.

Saa tatu kila usiku alifunga mlango wa mbele, akapita chumba cha kulia kuwaambia wanawe wasichelewe kulala, akapanda ngazi, na katikati ya ngazi akasimama kuitia funguo saa kubwa ya kusimama. Mabinti ndipo walipoanza. Waliweka kando kazi za kushona, wakaizunguka meza ya kulia, mkono kwa mkono, wakisomeana na kujadiliana walichoandika. Riwaya tatu zilizotoka mwaka 1847, Jane Eyre, Wuthering Heights na Agnes Grey, zilizungushwa meza hiyo. Mchana meza ilikuwa na kazi nyingine. Kuna karatasi ambayo Emily na Anne waliandika Novemba 1834 kueleza siku yao: jiko limevurugika, kazi za vyumbani hazijafanywa, na chakula cha mchana ni nyama ya ng'ombe ya kuchemsha, tanipu, viazi na pudini ya tufaha. Tabitha Aykroyd, mpishi wao, yumo jikoni akiwahimiza wamenye viazi. Wasomaji wanaodhani fasihi kubwa hutoka katika nyumba tulivu na waisome karatasi hiyo.

Lakini hapakuwa na salama mahali pale. Choo cha shimo kilikuwa uani. Maji yalitoka kisimani. Septemba 1847 kisima kilisafishwa kwa mara ya kwanza katika miaka 20, na Patrick akaandika kwamba maji yalikuwa yamegeuka manjano kwa ajili ya makopo manane ya bati yaliyoozea ndani. Kijijini hali ilikuwa mbaya zaidi. Patrick aliongoza maombi kwa Bodi Kuu ya Afya, na Aprili 1850 akaletwa mkaguzi, Benjamin Herschel Babbage, mwana wa yule Charles Babbage wa mashine za kukokotoa. Ripoti yake haisomeki kwa urahisi hadi leo. Wastani wa umri wa kufa Haworth ulikuwa miaka 25.8. Asilimia 41.6 ya watoto walikufa kabla ya kutimiza miaka sita. Katika makaburi yanayoizunguka nyumba ya kasisi walikuwa wamezikwa watu 1,344 ndani ya miaka kumi tu, chini ya mawe mapana yaliyolazwa bapa yakazuia hewa na mimea. Zaidi ya hayo makaburi yapo juu ya mteremko, na kijiji kipo chini yake.

Babbage alipofika, nyumba ilikuwa imeshapata msiba wake mkubwa. Branwell alifariki Septemba 1848, Emily Desemba mwaka huo, Anne Mei 1849 akiwa Scarborough alikopelekwa kufuata hewa ya bahari. Katika miezi minane watatu walitoweka. Charlotte akabaki na baba mwenye miaka zaidi ya 70 na watumishi wawili. Martha Brown, mmoja wa watumishi hao, alieleza baadaye jinsi ilivyomuuma kumsikia Charlotte usiku akiizunguka meza peke yake.

Mwaka 1850 Charlotte aliita mafundi.

Alikuwa na fedha za vitabu, na kwa mara ya kwanza mtu wa familia ile aliweza kuipangia nyumba badala ya kuivumilia. Paa la mawe lilifunguliwa na kutengenezwa upya. Kisha kiambaza kati ya chumba cha kulia na ukumbi kikasogezwa ili chumba kipanuke, na kile cha juu yake kikasogezwa vivyo hivyo ili chumba chake cha kulala kiongezeke. Upana huo ulitoka mahali. Chini ulikatwa katika ukumbi. Juu ulikatwa katika chumba cha masomo cha watoto, kikabaki ukanda mwembamba ambao leo mgeni huutazama akishangaa wangeenea vipi humo watoto wanne na himaya zao. Jibu ni kwamba hawakuenea humo. Walienea katika chumba ambacho mmoja wao alikuja kukibomoa akiwa mtu mzima.

Nimejiuliza sana kuhusu uamuzi huo. Hakuna popote Charlotte alipoandika sababu nzito. Alifanya kama afanyavyo mtu yeyote anayetaka chumba chenye nafasi zaidi. Wengine wangekiacha kichumba vile kilivyokuwa, wakifunge, wauweke ufunguo mfukoni. Yeye alikitwaa. Nadhani alifanya sawa. Aliyebaki hai alikuwa na haki ya kupumua, na ukumbi wa misiba haukuwa na haki ya kudai upana wake wote. Akatundika mapazia pia, mekundu, katika nyumba ambayo baba yake alikuwa ameyakataza kwa miaka 30. Elizabeth Gaskell, mwandishi wa riwaya ambaye baadaye aliandika maisha ya Charlotte, alipolala hapo Septemba 1853 aliona chumba cha kulia chenye joto, ambamo wekundu ndio uliotawala rangi zote, dhidi ya kijivu cha nje. Ellen Nussey wa 1833 na Gaskell wa 1853 walikalia kiti katika chumba kilekile, na kila mmoja aliona nyumba tofauti.

Badiliko la mwisho la Charlotte lilikuwa dogo na la furaha. Alipokubali kuolewa na Arthur Bell Nicholls, msaidizi wa baba yake, sharti lilikuwa kwamba hawatamwacha mzee. Bwana arusi angehamia kwa mkwewe, naye alihitaji pahali pa kufanyia kazi. Charlotte akalitazama ghala la mboji. Mwaka 1854 likatobolewa mlango wa ndani, likawekewa meko, likabandikwa karatasi za kijani na nyeupe, na mapazia ya rangi hizohizo yakashonwa; katika barua kwa rafiki yake alieleza, kwa kuridhika kwa mtu aliyepima mwenyewe, jinsi yalivyolingana na ukuta. Waliunganishwa tarehe 29 Juni 1854. Alifariki tarehe 31 Machi 1855, akiwa na ujauzito, na miaka 38. Nicholls akaendelea kukaa katika chumba hicho kwa miaka sita zaidi, akimtunza mkwewe.

Mzee alipofariki, ukweli wa nyumba ya kazi ukajitokeza wazi. Nicholls alikuwa ametumikia Haworth tangu 1845. Wengi walidhani atarithi. Wadhamini wakamchagua Wade. Oktoba 1861 vyombo vya nyumba vikapigwa mnada, na watu wa vijiji vya jirani wakaondoka na viti, vitabu, sahani, saa ya ngazini, na ile meza. Nicholls akarudi Ireland, Banagher, na masanduku ya makaratasi. Katika miezi michache nyumba ikawa tupu kabisa. Hale alipofika kununua dirisha, ndivyo ilivyokuwa.

Wade alikaa hadi 1898. Wakati wake Haworth ikawa parishi kamili, naye akawa rekta wake wa kwanza, na nyumba ikawa ya rekta. Kwa wakati huo kasisi wa Kiingereza alitazamiwa kuishi kama bwana mdogo: chumba kikubwa cha kulia wageni, jiko la kisasa, watumishi. Miaka ya 1870 alijenga upande wa kaskazini, kulia kwa mtu anayetazama kutoka makaburini, bawa zima lenye ukuta wa mbele unaopanda hadi ncha ya paa na madirisha mapana. Jiko la nyuma la akina Brontë likabomolewa, na jiko kuu la zamani likageuzwa kuwa njia ya kupitia. Mahali Emily alipokandia mkate huku kitabu cha Kijerumani kimeegemezwa mbele yake, pakawa pa kupita na sahani. Uwiano ule wa 1779, kushoto sawa na kulia, ukafa.

Alilofanya kanisani ni zito zaidi, na hapo siwezi kumtetea kwa moyo wote. Kati ya 1879 na 1881 alibomoa kanisa la zamani na kujenga jipya, akibakiza mnara tu, licha ya malalamiko yaliyofika hadi magazeti ya London. Alikuwa na hoja: sakafu ilifunika maiti, unyevu ulipanda kutani, na mwenye kiwanda Michael Merrall alijitolea pauni 5,000. Hoja za afya zilikuwa zilezile alizozipigania Patrick. Lakini kaburi la familia lilizibwa chini ya sakafu mpya, na jengo lililokuwa limesikia miaka 41 ya mahubiri ya mtu mmoja likaondoka bila mtu kupima thamani yake.

Hata miti ni ya baadaye. Makaburi ya Haworth leo yana kivuli kizito, na wapiga picha hukipenda kwa sababu kinawafaa wanaotafuta huzuni. Miti hiyo ilipandwa 1864, ili mizizi iisaidie ardhi kukauka. Akina Brontë hawakukiona kivuli hicho hata siku moja. Wao walichungulia uwanja mtupu wa mawe.

Chama cha Brontë kiliundwa Bradford mwaka 1893, na miaka miwili baadaye kikafungua jumba dogo la makumbusho juu ya benki, mwisho wa barabara kuu ya Haworth. Nyumba yenyewe iliendelea kukaliwa na makasisi, waliosumbuliwa na wageni mlangoni. Mwaka 1928 Kanisa lilikuwa tayari kuiuza kwa pauni 3,000. Aliyelipa ni Sir James Roberts, mzaliwa wa Haworth aliyeanza na kazi ya kiwandani utotoni akafika kumiliki kiwanda kikubwa cha Saltaire. Utotoni aliwahi kumsikia Patrick akihubiri. Aliikabidhi nyumba kwa Chama, na tarehe 4 Agosti 1928 ikafunguliwa kwa umma. Baada ya miaka karibu 150 nyumba ya kasisi ikaacha kuwa nyumba ya kasisi.

Hapo likaja swali ambalo kila mhifadhi wa majengo hulijua: unairudisha nyumba kwenye mwaka gani? Ukichagua 1826, watoto wanapata chumba chao, lakini lazima ubomoe kazi ya Charlotte. Ukichagua 1847, mwaka wa riwaya tatu, ni hivyohivyo, na ghala linarudi kuwa ghala. Ukichagua 1854, unapata mapazia mekundu na chumba cha Nicholls, ila Emily na Anne wameshafariki. Wahifadhi wa Haworth wameamua kwa vipande, chumba kwa chumba, na kazi yao ni ya heshima. Vioo vidogo vilirudishwa mbele. Miaka ya 1950 vyumba vikapangwa upya vionekane kama makazi badala ya safu za makabati ya vioo, na jiko likaundwa tena pale palipokuwa njia ya Wade. Mwaka 2013 mafundi walichimba tabaka za rangi kutani, wakazichunguza, na kupaka vyumba kwa kufuata walichokuta. Vyombo vilivyotawanywa 1861 vimekuwa vikirudi kimoja kimoja. Mwaka 2015 ilirudi ile meza, yenye doa la wino na herufi E iliyokwaruzwa juu yake, kwa ruzuku ya pauni 580,000.

Mwaka 2016 watengenezaji wa filamu wa BBC walihitaji nyumba ya miaka ya 1840 kwa ajili ya kipindi cha maisha ya akina Brontë. Ya kweli haikuwafaa: ina bawa la Wade, na miti imelifunika kanisa ambalo nalo si lilelile. Wakajenga nyingine ya mbao na plasta juu ya Penistone Hill, nyikani, pamoja na kipande cha barabara na kanisa, wakapiga picha, kisha wakaibomoa. Ilikuwa sahihi kuliko ile ya kweli kwa macho ya kamera, na haikuwa na kitu ndani.

Bawa la Wade bado lipo. Mara kwa mara mgeni huuliza kwa nini halibomolewi ili nyumba irudi kwenye sura yake ya 1779, na swali hilo lina mvuto kwa yeyote aliyeona michoro ya zamani. Mimi nasema liachwe. Ndani yake sasa wageni hutazama maonyesho. Limebeba mzigo ambao vyumba vidogo vya akina Brontë visingeweza kuubeba. Na kulibomoa kungekuwa ni kufanya kwa Wade kile tunachomlaumu yeye kwa kukifanya. Ukijaliwa kufika Haworth, usisimame katika mstari wa wapiga picha wanaojipanga kushoto ili ukuta ule usionekane. Simama katikati, mbele ya mlango, uitazame nyumba nzima.